Barua ya Posa kwa Shamba la Bi Pauline

Ijumaa, 2 Oktoba 2015

Jambo hili sijamwambia mtu. Ile barua ya posa iliyompatia Kaka Sowedi mke mwezi wa saba niliiandika mimi. Si Baba. Baba alinitajia mistari mitatu huku akitafuta soksi, akasema nikaisafishe. Nikarudi na kurasa mbili. Nasaba, tabia, afya za wazee wote wa upande wa msichana mmoja mmoja, ombi, shukrani. Karatasi nikaifukiza udi. Baba akatia saini. Wenzetu wakasema hawajapata kupokea barua yenye adabu kama ile, na kwamba Mzee Nassor amejaliwa kalamu. Baba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la sambusa.

Tangu siku hiyo naamini hakuna binadamu anayeweza kuikataa barua yangu. Naona aibu kuliandika hili. Lakini ndivyo ninavyoamini.

Sasa ya leo. Mjomba Msellem, mdogo wake Mama, yuko Dakota ya Kaskazini, Marekani. Ametuma sauti kwenye kundi la familia. Kapata kibali cha kuwinda kulungu. Vinatolewa kwa kura, na mwaka huu jina lake limetoka. Kulungu mmoja, jike. Kazi yake ni kwenye nyumba ya wazee, kuwainua na kuwageuza, na goti lake la kulia limekwisha. Nyama ya halali iko mwendo wa saa tatu kwa gari. Kulungu mmoja ni kitoweo cha baridi nzima.

Tatizo ni pa kwenda. Kule nyikani ardhi imekaa viraka viraka. Hapa pa serikali, pale pa mkulima, pale pengine pa mkulima aliyepatana na serikali watu waingie, ila kwa miguu tu. Na Mjomba hawezi kukosea kiraka. Tarehe tatu Desemba ana usaili wa uraia. Akikamatwa kwenye shamba la mtu bila ruhusa, basi, khalas, miaka tisa ya kungoja imekwenda na maji.

 Nikaandika: Mjomba, niachie mimi.

Mimi. Ambaye mnyama mkubwa niliyewahi kumkaribia hapa Dubai ni ngamia wa safari ya skuli, na sikushuka kwenye basi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimechapa ramani kumi na nne maktaba ya skuli. Mwalimu wa maktaba kauliza ni za jiografia? Nikasema ndiyo. Si uongo sana.

Buluu ni ya serikali. Njano ni ya kuingia kwa miguu. Nyeupe ni ya watu. Nimechora upepo kwa mishale, maana kulungu hunusa kabla hajaona. Nimechora na kibla, maana Mjomba atachinja.

Hapo ndipo Nabil alipoingia. Nabil ni mtoto wa shangazi, anakaa nasi, ana miaka kumi na saba na mchezo wa kuwinda kwenye kompyuta. Anasema ameshaua kulungu mia nne na kumi na mbili. Akatazama mshale wangu wa kibla, akacheka mpaka akakaa. Ati kutoka Marekani Makka iko mashariki na kusini, mtoto mdogo anajua, mimi nimeielekeza kaskazini. Wee Umu, akasema, utamchinja kulungu wa watu akielekea Urusi.

Tukaenda kwa Baba na tufe la dunia na uzi. Baba akauvuta uzi kutoka Dakota mpaka Makka. Uzi ukapanda juu, kaskazini mashariki, kama nilivyosema. Nabil akasema uzi umelegea.

Nililala na furaha mbaya. Nimesoma kwamba kiburi huanza na vitu vidogo. Uzi ni kitu kidogo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimelipata shamba.

Viraka vya buluu vyote vina msongamano wa wawindaji, wenyewe wanalalamika mtandaoni. Vya njano ni kwa miguu, na goti la Mjomba halina miguu hiyo. Lakini kuna kimoja cheupe, kusini mwa kijito, chenye njia ya gari mpaka kwenye miti. Ramani ya wilaya inaonyesha jina la mwenyewe na anwani yake. Pauline. Mjane. Kwenye picha ya barabarani getini pana kibao: hakuna kuingia bila ruhusa.

Basi ni kuomba ruhusa. Na kuomba mimi najua namna moja tu.

Nilianza kwa salamu. Hali yake, hali ya wanawe, hali ya mavuno, hali ya miguu yake kwa baridi inayokuja. Kisha nasaba ya Mjomba mpaka babu wa nne, yule wa karafuu ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Kisha tabia: hanywi, hapigani, anawaogesha wazee kama wazazi wake. Kisha nikaeleza kwamba amelitazama shamba kwa muda mrefu kutoka juu, na limempendeza. Ukiposa lazima uonyeshe kwamba umeangalia, hukuja kubahatisha. Kwa hiyo nikataja miti thelathini na mmoja, paa jekundu la nyumba, na gari jeupe linaloegeshwa upande upande. Nikamalizia kwamba anaomba kuungana na nyumba hii, na kwamba shamba atalitunza kama lilivyotunzwa kwao.

Kwa Kiingereza ilisikika vizuri zaidi, nadhani.

Nikatia saini: Msellem. Sikuona ubaya. Msichana wa miaka kumi na sita haombi shamba. Na posa haiandikwi na mwenyewe, huandikiwa na mkubwa wake. Nilikuwa mkubwa wake kwa muda wa kurasa mbili. Nikaweka anwani ya Mjomba, na barua pepe niliyoifungua kwa jina lake ili jibu linifikie haraka. Udi. Bahasha. Posta ya Qusais, mtaani kwetu, njiani kutoka skuli. Mtu wa dirishani akanusa bahasha, akaniangalia, akanusa tena.

Stempu ina picha ya mnara wa Dubai. Nani anaangalia stempu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Hakuna jibu. Nafungua ile barua pepe mara kumi kwa siku. Kuna tangazo moja la viatu.

Mjomba katuma sauti kuuliza mpwa wake mpenzi kafikia wapi. Na kwamba amewaambia kazini ana mtaalamu wake Dubai. Mtaalamu. Nilikuwa ndani ya basi la skuli, nikajificha nyuma ya begi.

Nimemuuliza Da Angella. Ni Mganda, kapanga chumba chetu cha nyuma, ni mlinzi wa jengo la maduka. Siku nzima kazi yake ni watu wanaotaka kuingia. Sikumweleza yote. Nilimuuliza tu, mtu akisema ana ruhusa, wewe unamwaminije? Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Akasema kwanza anamtazama usoni. Mwenye ruhusa ya kweli hana haraka. Halafu anamuuliza ruhusa ya nani. Wengi wanasema ya sir, ya madam. Sir gani? Hawajui. Ukiwa na jina, akasema, unaingia hata mbele ya arbab mwenyewe, bosi wa jengo.

Nadhani alitaka kunifundisha kitu kingine. Nilichokichukua ni jina.

Kwa sababu Nabil naye alikuwa amesimama nyuma yangu anakula tambi, anauliza vipi, mwindaji, hawajakujibu? Na Mjomba alikuwa anangoja kwenye simu. Na nilijua jibu litakuja, haliwezi kukosa, barua ilikuwa nzuri.

Nikaandika kwenye kundi: Shamba la Bi Pauline, kusini mwa kijito, njia ya gari ipo. Mwenyewe kakubali.

Mama akatuma mioyo saba. Nabil akaacha kutafuna.

Jumapili, 1 Novemba

Mjomba katuma picha amevaa fulana ya rangi ya machungwa, ndiyo sheria ya kule. Mama kasema amekuwa kama wafagia barabara wetu wa Qusais, na akacheka mpaka akalia, maana hajamwona ndugu yake miaka sita. Ataenda Jumamosi tarehe saba na rafiki yake Matia, Mganda, mwenye bunduki na pikapu. Kaomba zamu ibadilishwe. Kapewa Jumamosi hiyo moja, na nyingine mwisho kabisa wa msimu.

Kisha akatuma sauti kwangu peke yangu. Anasema kwenye geti pana kibao cha kukataza, alipita kuangalia, na kama si mimi angegeuza gari. Lakini moyo wake umetulia, kwa sababu ninasoma kila kitu mpaka mwisho na sijawahi kumdanganya.

Niliisikiliza mara moja. Sikuweza kurudia.

Nabil kaomba kuona jibu la Bi Pauline. Nikasema ni barua ya faragha. Akasema hata kurasa zake ngapi ni faragha? Nikasema mbili. Kwa nini nilisema mbili?

Alhamisi, 5 Novemba

Bado. Tangazo la viatu limerudi.

Nimeamua kusema. Nitamwandikia Mjomba leo: usiende. Neno moja. Usiende.

Lakini huwezi kumwandikia mjomba wako neno moja kama unamfukuza kuku. Nimeanza na salamu. Nimeuliza goti. Kisha nikaona lazima nieleze ilivyoanza, kwa hiyo nikarudi kwa Kaka Sowedi. Kengele ya skuli ikalia nikiwa kwenye aya ya nne na bado sijafika Dakota.

Nitamalizia kesho.

Ijumaa, 6 Novemba

Wageni. Sikupata nafasi. Nilipata nafasi. Nilipanga vitabu vyangu kwa rangi.

Jumamosi, 7 Novemba

Kule jua linachomoza saa moja na kitu asubuhi. Hapa ni saa kumi na moja jioni na kitu. Nilikuwa nayajua haya yote. Niliyaandika mwenyewe kwenye karatasi ya kijani.

Saa kumi barua ya toba ilikuwa imekamilika. Kurasa mbili. Nikaona neno "aibu" limerudiwa mara tisa, si vizuri, nikaanza kutafuta maneno mengine. Fedheha. Haya. Izara. Saa kumi na nusu Mama akaniita nikatoe nguo kwenye kamba kabla vumbi halijaingia. Nilipokunja shuka la mwisho ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Nikatuma.

Tiki moja. Ya kijivu.

Nikatazama. Tiki moja. Mjomba alisema huko nyikani mtandao hakuna mpaka urudi barabara kuu. Hilo pia nililiandika. Karatasi ya pinki.

Kupiga simu ya kawaida nikaogopa. Kisha nikapiga. Ikalia kwa sauti ya yule mwanamke anayesema mtu hapatikani. Nilimwambia asante.

Nikaenda kumgongea Da Angella. Alikuwa amevaa sare, anafunga viatu, zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, ukutani. Hakunigombeza. Aliuliza tu: kwa hiyo umempa mjomba wako jina la mtu asiyejua? Nikasema ndiyo. Akasema, wewe mtoto, watu kama hao mimi ndio nawaitia polisi.

Akaenda kazini. Mimi nikaenda kwa Mama. Alikuwa anakuna nazi. Niliuambia mgongo wake. Mkono ukasimama.  Akauliza ina maana Msellem amebeba bunduki, amevuka geti la watu, na anadhani anangojwa? Nikasema ndiyo Mama. Akauliza na usaili? 

Adhana ya magharibi ikaita. Mama akaswali akasahau ana nazi iliyokunwa mikononi. Sote tukakaa sebuleni tukaitazama simu yangu. Hata Nabil aliizima kompyuta yake. Ningependa angenicheka.

Jumapili, 8 Novemba

Sauti ya Mjomba imeingia. Dakika sita. Mama kaiweka hadharani, tukaisikiliza na chai.

Hakuvuka. Sababu ni kwamba getini palikuwa na gari la polisi wa wilaya. Barua yangu ilifika Jumatano. Mtoto wa kiume wa Bi Pauline aliisoma, akakuta mtu asiyemjua anatangaza kwamba amemtazama mama yake kutoka juu kwa muda mrefu, anajua paa lake na gari lake, na anataka kuungana na nyumba. Harufu ilijaza jiko zima. Stempu ya Dubai. Akapeleka polisi. Polisi akaona jina na anwani, akakuta mwenye jina hilo ana kibali cha kuwinda, akasema Jumamosi ya kwanza ya msimu tutamngoja.

Mjomba akaulizwa kama yeye ndiye Msellem. Akasema ndiye. Akapewa barua aisome pale pale, kwenye upepo, na fulana yake ya machungwa. Anasema alipofika kwa babu wa nne ndipo alipojua ni mkono wa nani, akamwambia polisi ni wa mpwa wake. Matia, aliyekuwa akisoma begani kwake, akauliza, ssebo, bwana wangu, huyu mama umemlipia mahari kiasi gani? Akaketi kwenye majani akashindwa kuinuka. Polisi akadhani mtu anaumwa.

Bi Pauline alikuwa ndani ya gari lake jeupe. Limesimama upande upande. Alishusha kioo akamtazama Mjomba toka juu mpaka goti, akapandisha kioo.

Polisi akasema kwa kuwa hajakanyaga ndani hakuna kosa la kuandika. Aende nyumbani. Akaenda nyumbani. Bila kulungu.

Mwisho wa sauti Mjomba alisema hana hasira. Amechoka tu. Kisha akasema: Umu, kibao kile nilikiona mara mbili. Mara mbili nilikipuuza kwa ajili yako.

Mama alitaka niape mbele ya wote kwamba sitaandika tena kwa jina la mtu mwingine. Nikaapa. Nilimaanisha. Nililia kwenye chai. Baba akatoa maneno marefu kuhusu ukweli, akiukazia macho mkate, asinitazame hata mara moja. Baadaye kwenye ujia akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina nafasi ya kumsafishia barua ya mwenye jengo kuhusu kiyoyozi. Nikamwambia Baba, nimeapa. Akasema hiyo si kwa jina la mtu mwingine. Ni kwa jina lake.

Jumatano, 11 Novemba

Niliingia kwenye ile barua pepe ili niifunge. Naapa ilikuwa kuifunga.

Jibu lilikuwepo. Kutoka kwa Bi Pauline.

Anasema hajui anamwandikia mjomba au yule msichana, polisi alimwambia ni msichana. Kama ni msichana, ananisahihisha: miti ni thelathini na minne, mitatu iko nyuma ya ghala haionekani. Paa jekundu alilichagua marehemu mumewe, yeye hakulipenda, sasa hawezi kulibadilisha. Gari analiegesha vile kwa sababu ya nyonga. Anasema barua ameisoma mara nyingi. Mwanawe ameudhika, lakini shamba si la mwanawe. Tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemuuliza miguu yake inaendeleaje kwenye baridi, na anapenda kujua harufu ile ni ya nini.

Mjomba aje Jumamosi tarehe ishirini na moja. Aingie kwanza ndani anywe kahawa, kisha aende kwenye miti. Sharti moja. Msichana amwandikie mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, aseme alichofanya. Maneno machache yanatosha. Amechoshwa na watu wanaojificha nyuma ya watu wengine. Bila hivyo geti linabaki limefungwa.

Jumamosi ya mwisho ya Mjomba. Kila kitu kinangoja mstari mmoja.

Nikafungua ukurasa wa kujibu. Nikaandika: Bi Pauline mpendwa, jina langu ni Ummulkheir. Nikalitazama. Lilikaa pale peke yake kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Nikaandika: Mimi ndiye niliyeandika. Nikafuta. Nikasema nitakunywa maji kwanza. Nikanywa. Nikarudi. Bado lilikuwa pale, linanitazama.

Nikalifuta.

Kisha nikaandika hivi. Bi Pauline mpendwa, mimi ni Mahfudha, mama wa msichana. Binti yangu anaumwa kwa majuto, hawezi kushika kalamu, kwa hiyo namwandikia mimi kama mzazi kwa mzazi. Nikauliza nyonga. Nikauliza ile miti mitatu. Nikamweleza udi. Nikaeleza kwamba binti ni mtoto mpole, msomaji, walimu wanampenda, na hajawahi kurudia kosa. Zikafika kurasa mbili. Ilikuwa barua nzuri, naweza kusema ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Nikatuma.

Mama akauliza kutoka jikoni ninaandika nini muda wote huo. Nikasema kazi ya skuli. Nikaenda nikamenya viazi, nikanawa mikono, nikachukua simu, nikamwandikia Mjomba: Jumamosi tarehe ishirini na moja, geti liko wazi. Mwenyewe kakubali.